Mwacheni mtu akae: barua ya wazi kwa wanaopanga watumishi wa kanisa Unguja na Pemba

Kwenu wakuu wa makanisa mnaokaa mezani kupanga nani aende Pemba na nani arudi,

Bwana asifiwe. Shikamooni mlionizidi umri, ingawa siku hizi mmebaki wachache.

Nimeandika barua nyingi za kanisa maishani mwangu, karibu zote za kuomba mabati. Leo siombi mabati. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja aliyeko Pemba alinipigia simu usiku, akaniambia amepata barua ya uhamisho. Ana mwaka mmoja na miezi miwili tu pale. Nikamuuliza sababu. Akasema barua haina sababu, ina tarehe. Nikakaa kitandani nikahesabu kwa vidole: tangu niondoke kituo kile mwaka 2010, huyu ni mtumishi wa saba.

Sitaji kanisa langu wala kituo chenyewe. Jambo hili nimeliona katika madhehebu zaidi ya moja, kwa hiyo kila mkuu asome akijua anaambiwa yeye. Mimi nimestaafu. Cheo cha kuninyang'anya hamna tena, na nyumba mmeshaichukua.

Nilishuka bandari ya Mkoani mwaka 1984 kutoka MV Mapinduzi, nikiwa na miaka 27, mke, mtoto mchanga na mbwa. Mbwa nilimtoa kwetu Masasi, kwa sababu kwetu nyumba isiyo na mbwa ni kama haina mlango. Tukapanda gari hadi Wete. Wiki ya pili, jioni, yule mbwa alimlamba mkono mzee jirani aliyekuwa njiani kwenda kusali magharibi. Mzee hakusema kitu. Aligeuka akarudi kwake. Mimi nikadhani amesahau kofia.

Sikujua kwamba kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa visiwa hivi, mate ya mbwa ni najisi nzito: huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mpaka mzee anamaliza kuosha, sala ya jamaa msikitini ilikuwa imeshampita, akasali peke yake nyumbani. Keshoye asubuhi akabisha hodi kwangu na mkungu wa ndizi begani. Akauliza watoto wameamkaje. Akauliza kama Masasi kuna mvua. Akanywa chai, akasifu chai. Alipoinuka kuaga, tayari amevaa viatu, ndipo aliposema: "Padri, yule mbwa wako, kama utaweza, saa za sala mfunge."

Mbwa alirudi bara na meli iliyofuata. (Kwa watu wa Pemba kila mtumishi wa kanisa ni Padri. Kanisa langu lina jina jingine la kazi hiyo. Nilijaribu kuwasahihisha mwezi mzima, nikachoka.)

Chuoni nilifundishwa Kigiriki kidogo, historia ya mitaguso, na namna ya kuandaa mahubiri yenye vichwa vitatu. Hakuna aliyenifundisha habari za mbwa. Hakuna aliyeniambia kwamba Pemba mtu hupewa lawama yake pamoja na ndizi, na kwamba asiyesubiri mpaka mgeni avae viatu hatasikia alichojia. Mambo hayo hufundishwa na jirani, na jirani hafundishi mtu anayemwona amefunga mizigo.

Hapa niungame kabla hamjanikumbusha. Mwaka 1987 niliomba uhamisho mwenyewe. Niliandika kwamba watoto wanahitaji skuli nzuri na mke wangu ana upweke. Yote mawili yalikuwa kweli, lakini la kweli zaidi lilikuwa kwamba nimechoka kuhubiria watu kumi na wanne. Nikakubaliwa. Nikakaa Unguja miaka tisa, nikawekewa mikono, nikapata kanisa lenye kwaya mbili zinazogombana. Niliporudishwa Wete mwaka 1996, mzee wa ndizi alikuwa amekufa na sikumzika. Watoto wake waliniamkia kwa adabu, kama mtu anavyomwamkia ofisa wa wizara.

Tena kanisa nilikuta limefungwa, halina mtumishi kwa miezi saba. Nikauliza ufunguo uko wapi. Hakuna Mkristo aliyejua. Ulikuwa kwa bibi mmoja jirani, Mwislamu, Mungu amrehemu, kaufunga kwenye pindo la kanga. Alikuwa akifungua kila wiki kufagia popo. Akaniambia ningoje, akaingia ndani, akatoka na rejista ya ubatizo imefungwa kwenye gazeti. Paa lilikuwa linavuja juu ya kabati, yeye akaichukua akaiweka kwenye sanduku lake pamoja na hati za shamba. "Daftari lina majina ya watu," akasema, "nikaona si vizuri lioze."

Nimelitazama jambo hili miaka mingi na naomba mlitazame nami. Kundi letu la Pemba ni watu wa uhamisho: mwalimu kutoka Songea, nesi kutoka Moshi, askari kutoka Mara, karani wa benki. Wanakuja na barua, wanaondoka na barua. Mchungaji wao naye mnamleta kwa barua na kumwondoa kwa barua. Basi nani anabaki na kumbukumbu ya kanisa? Pale Wete kumbukumbu ilikuwa kwenye pindo la kanga ya mtu ambaye hamkuwahi kumwandika kwenye ripoti hata moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watumishi wetu mnawaondoa siku ya pili jioni.

Mara ya pili nilikaa miaka kumi na minne. Mwaka wa kwanza na wa pili sikufanya lolote la kutajika. Mwaka wa tatu karafuu zilizaa sana, Jumapili kanisa likawa tupu, kila mtu yuko shamba. Nikakasirika wiki mbili, kisha nikasogeza ibada hadi saa kumi na mbili asubuhi, na jioni nikawa nakwenda kwa jirani kuchambua. Mnajua kazi hiyo? Mnakaa kwenye jamvi, mnatenga karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, kwa vidole, mikono inanuka wiki nzima hata chakula hakina ladha nyingine. Mazungumzo ya jamvini hayana haraka. Hapo ndipo nilipojua nani hasemi na nduguye, nani mgonjwa anayeficha, nani anadaiwa. Hapo ndipo nilipoulizwa kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote hiyo, na mtu aliyetaka kweli kujua: "Padri, nyinyi mkifiwa mnafanyaje?"

Tangu siku hiyo nikaanza kwenda maziko. Sikuomba kwa sauti wala sikuingia mahali pasipo pangu. Nilisimama nyuma na wanaume, nikasindikiza jeneza hadi makaburini, nikatoa rambirambi, na siku ya hitima nikapeleka sukari na mchele kama jirani yeyote. Fomu yenu ya ripoti ya robo mwaka ina mistari ya waliobatizwa, waliopata kipaimara, ndoa zilizofungwa na sadaka. Mstari wa maziko ya majirani haumo. Nilikuwa nauongeza kwa kalamu chini kabisa, na kila mara fomu ilirudi imekatwa pale.

Nifike sasa kwenye Januari 2001, ambayo wengi wenu mliisikia redioni. Jumamosi ya tarehe 27 watu waliandamana Wete, Chake Chake, Micheweni na Mkoani kuhusu uchaguzi wa mwaka uliotangulia, wakapigwa risasi. Waliokimbia kwa madau na ngalawa hadi Shimoni, Kenya, walipita 2,000. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisani walikuja watu tisa, na wanne kati yao walikuwa askari.

Mngehubiri nini? Mimi nilisoma zaburi, nikaongoza sala, nikawaaga. Kisha nikavuka njia kwenda kwa jirani ambaye kijana wake alikuwa ameondoka usiku kwa dau na haijulikani kama amefika. Mama yake alisema kwa ndani bila kufungua: "Padri, rudi, watu watakuona." Sikujua ananihofia mimi au anajihofia yeye, maana kwa macho ya mtaa mimi ni mtu wa bara na watu wa bara ndio walioshika bunduki. Nikakaa kibarazani. Baada ya muda akafungua. Nikaingia, nikakaa hadi adhuhuri, na nakiri sikusema neno moja la maana. Usiku wa siku hiyohiyo mmoja wa wale askari alikuja nyumbani kwangu. Aliyoyasema siyaandiki hapa wala popote.

Kijana wa jirani alirudi salama. Oktoba mwaka huohuo vyama vya siasa vikatia saini mwafaka, na leo ana watoto wakubwa.

Nilikuwa na miaka mitano pale siku ile, ukiacha mitatu ya zamani. Mtu mwenye mwaka mmoja na miezi miwili asingefunguliwa mlango ule. Na yule askari, kwa upande wake, asingekuja kwa mchungaji ambaye hajui kama ana mdomo au hana. Ripoti yangu ya robo ile ilikuwa na sifuri tatu zimefuatana. Nikajibiwa kwa barua yenye muhuri kwamba "kituo hakizai." Barua hiyo ninayo. Aliyeitia saini nilikutana naye baadaye kwenye harusi, tukala pilau pamoja, hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kulala Pemba.

Sisemi haya kana kwamba nimegundua kitu. Waliotutangulia walikijua. Kwetu tulikuzwa na habari za Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa Kiungani hapa Unguja, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni ile ya Kianglikana iliyoitwa ya Vyuo Vikuu. Kazi yake aliifanya Chitangali, upande wa Newala, zaidi ya miaka kumi, na wazee wetu walimkumbuka kama mtu wa pale. Caroline Thackeray, mwalimu Mwingereza wa misheni hiyohiyo, alikuja Mbweni, Unguja, mwaka 1877 kufundisha wasichana waliokombolewa utumwani, akafia hapohapo Mbweni mwaka 1926. Huko Pemba, mwaka uleule wa 1897 utumwa ulipofutwa kwa amri ya Sultani, Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka, walianzisha misheni yao Banani karibu na Chake Chake ili waliotoka utumwani wapate mahali pa kufanya kazi kwa ujira. Wageni hao walikuwa na kiburi cha enzi zao, na mengine waliyoyafanya tusingeyakubali leo. Ila hawakuishi huku mizigo imefungwa. Askofu Steere wa misheni ya Vyuo Vikuu alifika Unguja na wenzake mwaka 1864 hajui Kiswahili cha hapa, na kufikia 1870 alikuwa ametoa kitabu cha kukifundisha. Huwezi kujifunza lugha ya watu namna ile bila kukaa nao barazani ukachekwa.

Tena mnakumbuka kisa cha nguzo za kanisa kuu la Mkunazini, mjini Unguja: Askofu huyo yuko safarini, mafundi wakazisimamisha kichwa chini miguu juu, aliporudi akaziacha. Watalii hupigwa nazo picha kila siku. Mimi nikizitazama huwa nafikiri tu kwamba alirudi.

Septemba 2011 nilikuwa nimeshahamia Unguja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 meli ya Spice Islander ikazama huko Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba. Asubuhi nikaenda Maisara walikokuwa wakileta maiti. Sikuwa na kazi pale, nilikwenda kwa sababu miguu ilikwenda. Katika ule umati nikasikia "Padri! Padri wa Wete!" Ni watu niliochambua nao karafuu, wanatafuta jamaa zao. Tukatafuta pamoja. Tuliyempata, tulimpata saa tisa.

Mwaka uliofuata, Mei, makanisa yakachomwa hapa mjini. Krismasi padri akapigwa risasi akajeruhiwa, na Februari 2013 mwingine akauawa kwa risasi akienda kuongoza Misa. Kilikuwa kipindi cha hofu kubwa na sitaki kukifanya kidogo. Usiku mmoja wa wiki ile ya Februari nilisikia watu uani kwangu, nikamwambia mke wangu aingie chini ya kitanda. Walikuwa vijana sita wa barza ya mtaa wetu na birika la kahawa. Wawili wamezaliwa Wete, baba zao niliwasindikiza makaburini. Walilala pale usiku tano, wakicheza karata na kunizuia kulala kwa kelele zao.

Baada ya hapo mkajenga kuta. Sizibezi, ningekuwa mimi labda ningejenga pia. Lakini gharama ya ukuta mmoja ninaijua, kwa sababu fedha ile niliihesabu mimi, na ingetosha kumtunza mtumishi mmoja Pemba na watoto wake skuli kwa miaka minne.

Najua mtakalosema. Mtasema mtu akikaa sana anageuza kanisa kuwa shamba lake. Ni kweli, mimi mwenyewe ni shahidi: mwaka wa kumi na mbili nilianza kusema "kanisa langu", na mhasibu aliponiuliza risiti za mabati nikamfokea mbele ya watu. Risiti nilikuwa nazo. Kilichoniuma ni kuulizwa. Mngeniondoa mwaka ule, miwili kabla ya mlivyoniondoa, ingekuwa sawa. Mtasema pia vijana wenyewe hawataki kukaa, wake zao wanalia. Hilo nalo kweli. Mke wangu alilia mwaka 1984 na akalia tena 1996, na katika miaka yote hiyo hakuna mkuu hata mmoja aliyemuuliza yeye chochote. Posho ya Pemba ni ileile ya mjini wakati mtoto akiumwa sana ni kuvuka bahari. Mkitaka mtu akae, mfanye kukaa kuwezekane.

Ninachotaka ni kidogo. Anayekwenda Pemba aende akijua atakaa si chini ya miaka sita, na mkewe awe amesikia hivyo kwa kinywa chenu, si chake. Anayeondoka asiondoke kabla mwenzake hajafika. Wakae pamoja walau miezi mitatu, na katika miezi hiyo yule wa zamani amshike mkono huyu mpya ampeleke kwa sheha, kwa imamu wa msikiti wa karibu, kwenye kila barza, kwa kila kizee anayefunga kitu kwenye pindo la kanga. Akabidhiwe majirani kwanza, samani baadaye. Siku hizi mnakabidhiana kwa orodha ya viti.

Na huyu kijana mumwache. Nimezungumza naye mara tatu tangu apate barua. Ameshajifunza kukaa kimya mgeni anapovaa viatu. Mwezi wa Ramadhani uliopita alialikwa futari nyumba nne; mimi mwaka wangu wa kwanza sikualikwa hata moja. Wiki iliyopita imamu alimtuma mtoto kumuuliza kama ni kweli anaondoka, na hakujua amjibu nini. Tarehe iliyoandikwa kwenye barua yake ni mwisho wa mwezi huu. Barua inaweza kusitishwa kwa barua nyingine ya mistari miwili, nimeshawahi kuona ikifanyika kwa watu wenye wajomba.

Jambo la mwisho ni rejista. Ile aliyoitunza yule bibi ilipotea baada ya mimi kuondoka, nadhani kwenye mizigo ya mmoja wa hawa saba, wala simlaumu, alipewa siku kumi za kufunga. Mwaka 2019 binti mmoja niliyembatiza Wete, anaolewa Morogoro, alihitaji cheti cha ubatizo, akaambiwa atafute mashahidi. Shahidi wa pekee aliyebaki ni mimi. Lakini kabla sijahama niliinakili yote kwa mkono katika madaftari matatu makubwa, na ninayo hapa Unguja kwenye sanduku la chuma, mchwa hawajayafikia. Nitayakabidhi kwa mtumishi wa kituo kile siku nikiambiwa kwa maandishi kwamba anabaki. Nipo nyumbani kila siku baada ya saa kumi, isipokuwa Ijumaa, siku hiyo kuna kisomo cha arobaini kwa jirani.

Wenu katika Kristo,
Mchungaji mstaafu, Unguja